Barua kwa Mhariri: Kule Dover hakushtakiwa Mungu, wala Darwin

Ndugu Mhariri,

Naandika kwa simu, tena ya mjukuu, na vidole vyangu vimezoea chaki siyo hivi vitufe vya kwenye kioo, kwahiyo mkikuta sentensi imeshuka mlima bila breki mtaikata wenyewe huko. Nimevumilia wiki mbili. Wiki ya kwanza ndugu yetu mmoja wa Tabora kaandika kwenye ukurasa huu kwamba mahakama ya Marekani ilishathibitisha binadamu katokana na nyani, kwahiyo mjadala umefungwa. Wiki iliyofuata dada wa Mbeya kamjibu kwa hasira kwamba hiyo mahakama ndo iliyomfukuza Mungu shuleni na ndo maana watoto wa Kimarekani wanapigana risasi madarasani. Nikasema mi nikae kimya, wasomi wapo watajibu. Wasomi nao wamekaa kimya. Sasa mi sio mwanasheria, ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, nimefundisha miaka 31 kwenye sekondari za serikali, na ni mzee wa kanisa wa Kilutheri hapa usharikani kwetu Moshi, na hii ya Ulutheri muishike maana tutairudia mbele.

Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Wanadhani pale mahakamani kulikuwa na Mungu upande mmoja na Darwin, yule mwenye nadharia ya evolusheni kwamba viumbe vilibadilika kidogo kidogo kutoka babu wa zamani, upande wa pili, afu jaji akanyoosha mkono wa mshindi kama refa wa ngumi. Hapana jamani. Kesi wanayoiongelea ni ya Dover, kijiji-mji kidogo jimbo la Pennsylvania, mwaka 2005, na aliyeshtakiwa ni bodi ya shule. Bodi ya shule kule siyo kama hizi zetu za kukutana mara mbili kwa mwaka kula wali na kusaini mahudhurio. Kule wajumbe wanapigiwa kura na wananchi, wanapanga vitabu, wanapanga kitafundishwa nini, yaani ni serikali kabisa. Na kwasababu ni serikali, inabanwa na katiba. Katiba yao kwenye lile rekebisho la kwanza inasema serikali isianzishe dini wala isizuie mtu kuabudu, basi, mistari michache tu, na kesi zote hizi za evolusheni tangu mwaka 1968 zimepigwa hapo hapo. Swali la mahakama halikuwa Mungu yupo au hayupo. Swali lilikuwa, je serikali kwa mkono wa shule inamlazimisha mtoto wa mtu mwingine apokee mafundisho ya dini ya mjumbe wa bodi?

Sasa niwasimulie maana hadithi yenyewe ni tamu.

Mwaka 2004 walimu wa sayansi wa Dover waliomba kitabu kipya cha baiolojia, kile kilichoandikwa na Kenneth Miller na mwenzake Levine, kitabu cha kawaida tu kinachotumika nchi nzima. Mjumbe mmoja wa bodi, Bwana Buckingham, askari polisi mstaafu, akagoma, akasema kitabu kimejaa Udarwin kila kona. Kwenye vikao vya mwaka huo mashahidi walimsikia akisema kuna mtu alikufa msalabani miaka elfu mbili iliyopita, hivi hakuna wa kusimama kwa ajili yake? Mi mwenyewe nikisikia maneno hayo kanisani naitikia amina. Tatizo hakuwa kanisani, alikuwa kwenye kikao cha serikali akijadili manunuzi ya vitabu vya kodi ya wananchi, na kati ya hao wananchi kuna Wakatoliki, kuna Wayahudi, kuna wasioamini, kuna Wakristo wengine ambao hawasomi Mwanzo sura ya kwanza kama yeye anavyoisoma.

Oktoba 18 bodi ikapiga kura, sita kwa tatu, kwamba wanafunzi waambiwe nadharia ya Darwin ina mapengo na kwamba kuna nadharia nyingine, ya usanifu wenye akili. Hiyo inasema viumbe vina ugumu ambao hauwezi kuja wenyewe, lazima kuna msanifu aliyechora ramani. Ni nani huyo msanifu? Hawasemi. Wanasema sayansi haiwezi kumtaja. Ila kila aliyekuwa kwenye kile chumba alimjua, hata paka alimjua. Wakatunga tangazo la kama dakika moja lisomwe darasani kwa watoto wa darasa la tisa, sawa na kidato cha kwanza au cha pili kwetu, kwamba Darwin ni nadharia tu siyo ukweli uliothibitika, na anayetaka kujua zaidi aende maktaba kuna kitabu kinaitwa Of Pandas and People. Nakala 60 zimewekwa. Zimetoka wapi? Mfadhili hakutaka kujulikana. Hii ya mfadhili nayo muishike.

Walimu wakakataa kulisoma.

Hapa Mhariri naomba nikae kidogo maana hapa ndo paliponigusa. Walimu wote wa sayansi wa ile shule waliandikia uongozi barua kwamba maadili ya kazi yao kwenye jimbo yanawakataza kupotosha somo kwa makusudi, na wakisoma tangazo lile watakuwa wanawaambia watoto kwamba kitu kisicho sayansi ni sayansi. Januari 2005 ikabidi viongozi wa wilaya ya shule waingie darasani wenyewe wasome, walimu wakatoka nje, na baadhi ya wanafunzi ambao wazazi wao walishaandika barua nao wakatoka. Msomaji akisoma anaondoka, maswali hayaruhusiwi. Hebu fikiria, somo la sayansi ambalo swali haliruhusiwi! Sasa mi najiuliza, ningekuwa pale ningefanyaje? Nakiri mbele ya wasomaji, ningesoma. Mkuu wa shule akikuletea karatasi ina muhuri unasoma, ukigoma kesho una barua ya kujieleza, keshokutwa uhamisho wa kwenda pasipo na maji. Kwahiyo wale walimu mi nawaheshimu kuliko hata jaji.

Wazazi kumi na moja wakafungua kesi Desemba 2004, wa kwanza kwenye orodha mama mmoja anaitwa Tammy Kitzmiller mwenye binti zake wawili pale shuleni, ndo maana kesi ina jina lake. Dada wa Mbeya anaandika kana kwamba hawa walikuwa wapagani wa mjini. Kati yao kulikuwa na watu wa kanisani, hadi wanaofundisha watoto shule ya Biblia wakati wa likizo. Shahidi wao wa kwanza wa kitaalamu, yule Miller mwenye kitabu, ni Mkatoliki anayekwenda misa. Shahidi mwingine alikuwa mwanateolojia Mkatoliki, John Haught, akaeleza mahakama kwamba hiyo hoja ya msanifu ni ya zamani sana, ni ya teolojia, Thomas Aquino aliishaitoa karne ya kumi na tatu, tofauti ni kwamba Aquino hakuificha, alisema wazi huyo ndiye Mungu.

Kesi ikaanza Septemba 26, 2005 mjini Harrisburg mbele ya Jaji John E. Jones wa tatu. Na huyu sasa ndo Mlutheri mwenzangu, tena Mrepublican, kateuliwa na Rais George W. Bush mwenyewe mwaka 2002, kabla ya hapo alikuwa mwenyekiti wa bodi ya vileo ya jimbo. Bush mwezi Agosti mwaka huo huo wa kesi alishasema anaona pande zote mbili zifundishwe. Wadaiwa waliona wamepata jaji wa nyumbani. Kumbe.

Mtaalamu wao mkubwa alikuwa Profesa Michael Behe wa chuo kikuu cha Lehigh, huyu ni mwanakemia wa viumbe kweli, siyo mtu wa mtaani, ingawa idara yake mwenyewe iliweka tamko kwamba hawakubaliani naye. Mfano wake maarufu ni mtego wa panya. Anasema mtego una ubao, springi, kile cha kubana, ukitoa kipande kimoja haukamati panya, kwahiyo hauwezi kuwa umejengeka kidogo kidogo, na mkia wa bakteria fulani uko hivohivo, una mota yake kabisa ya kuuzungusha. Ni mfano mzuri, mi mwenyewe mara ya kwanza kuusikia nilikuna kichwa. Miller akajibu kwamba mtego ukiutoa vipande haukamati panya sawa, lakini unaweza kuwa kibanio cha tai, na kwenye bakteria vivohivo, sehemu ya ile mashine inapatikana kwenye bakteria wengine ikifanya kazi nyingine kabisa, ya kudunga sumu. Afu mawakili wa wazazi wakamuuliza Behe kuhusu mfumo wa kinga ya mwili, kwamba aliandika sayansi haina majibu ulitokeaje. Wakili akaanza kumpangia mezani, makala 58, juu yake vitabu, rundo likapanda hadi mbele ya uso wake, zote zinaongelea ulivotokea. Akasema hazitoshi. Na alipobanwa kwamba kwa tafsiri yake ya neno nadharia ya kisayansi je unajimu wa nyota utaingia, akasema ndio, utaingia. Wapiga ramli wetu wa magazetini mmesikia hapo.

Lakini sio Behe aliyeizamisha meli. Iliyoizamisha ni kompyuta ya kukopi na kupesti.

Ili mnielewe inabidi nirudi nyuma. Kabla ya msanifu kulikuwa na kitu kinaitwa sayansi ya uumbaji. Jimbo la Louisiana mwaka 1981 lilitunga sheria kwamba mwalimu akifundisha evolusheni lazima afundishe na sayansi ya uumbaji kwa uzito sawa, asipotaka aache zote mbili. Mwalimu mmoja Aguillard akaipinga, ikapanda hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, Juni 1987 majaji saba dhidi ya wawili wakasema hiyo ni dini, itoke. Arkansas walishajaribu sheria ya namna hiyo, wakapigwa chini Januari 1982, na kule kati ya waliofungua kesi, wakiongozwa na mchungaji, walikuwemo maaskofu, wa Methodisti, wa Anglikana wa kule, wa Katoliki, wa AME yaani Wamethodisti weusi. Maaskofu! Nayo mtasema walikuwa wanamfukuza Mungu?

Sasa kile kitabu cha nakala 60 kilikuwa kinaandikwa miaka ile ile. Profesa mmoja wa falsafa wa Louisiana, Barbara Forrest, pamoja na mawakili wakapata rasimu zake za zamani kwa amri ya mahakama. Wakazipanga kwa mwaka. Rasimu za kabla ya hukumu ya 1987 zimejaa maneno ya uumbaji na waumini wa uumbaji, karibu mara 150. Rasimu ya baada ya hukumu, sentensi zile zile, aya zile zile, pale penye uumbaji pamebandikwa usanifu wenye akili. Walijivua gamba tu, nyoka yule yule. Na kuna mahali mfutaji alikuwa na haraka, alitakiwa afute neno la Kiingereza creationists aweke design proponents, likatokea dubwana linaitwa cdesign proponentsists, herufi ya mbele na mkia wa nyuma wa neno la zamani vimebaki nje kama panya aliyebanwa na mlango. Kwa Kiswahili ni kama mtu anafuta waumbaji anaweka wasanifu, inasomeka wawasanifubaji. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Na mfadhili je? Kwenye maelezo yao ya kiapo ya mwanzo wajumbe waliulizwa nani kanunua vile vitabu, wakasema hawajui. Mahakamani ikaletwa hundi ya dola 850. Imeandikwa na Buckingham, baada ya kuchangisha kanisani kwake, imeandikwa kabisa kwamba ni ya vitabu, na imetolewa kwa jina la baba mzazi wa mjumbe mwenzake Bonsell aliyewahi kuwa mwenyekiti wa bodi. Jaji mwenyewe aliacha kusikiliza mawakili akaanza kumhoji Bonsell kwa mdomo wake, kwanini hukusema? Buckingham naye aliapa hajawahi kutamka neno uumbaji kwenye vikao, akasema waandishi wa habari wawili wa magazeti ya pale York walimzulia, halafu mawakili wakawasha video ya televisheni yake mwenyewe anasema sawa Darwin afundishwe ila abalansiwe na kitu kingine kama uumbaji. Akasema alibabaika mbele ya kamera. Mhariri, wale waandishi wawili walipanda kizimbani wakasimamia walichoandika, na jaji aliwaamini wao. Nimeona niwaambie na nyie wa magazetini, maana kazi ya kukaa kwenye kikao cha bodi usiku kunakili maneno ya watu hailipi na haina sifa, ila siku moja inageuka ushahidi.

Hukumu ilitoka Desemba 20, 2005, kurasa 139. Jaji alisema usanifu wenye akili siyo sayansi, ni uumbaji uliobadilishwa jina, na kuuweka kwenye darasa la baiolojia la shule ya umma ni kuvunja katiba. Akasema pia, kwa ukali kuliko yote, kwamba ni ajabu watu waliojitangaza hadharani kwa imani yao walisema uongo tena na tena kuficha nia yao. Hapo ndo dada wa Mbeya naomba atulie asome. Jaji hakusema imani yao ni mbaya. Aliandika wazi kwamba hasemi hoja ya msanifu isichunguzwe au isijadiliwe, anasema isifundishwe kama sayansi kwenye shule ya serikali. Amri ya tisa tunaihesabu kwa namba tofauti kila kanisa, sisi Walutheri ni ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo, sasa waliovunja amri pale ni nani, wazazi au bodi?

Na ndugu wa Tabora, jaji pia hakuthibitisha binadamu katokana na nyani. Mahakama haithibitishi baiolojia, baiolojia inathibitishwa na watu wenye patasi na brashi wanaochimba Olduvai juani. Jaji alisema tu nini kinaitwa sayansi na nini hakiitwi, na aliandika kwamba nadharia ya Darwin haijakamilika, ila kutokamilika kwake siyo kibali cha kubandika dini pale penye pengo. Na evolusheni haisemi tulitokana na hawa nyani wa Ngorongoro wanaoiba ndizi za watalii, inasema tuna babu mmoja wa zamani, wao wakaenda kwao sisi kwetu. Miaka 31 nimesema hili na bado.

Siku ya mwisho ya kesi, Novemba 4, wakili mmoja wa bodi akasimama akasema mheshimiwa kwa hesabu yangu leo ni siku ya 40 tangu tuanze na usiku huu utakuwa wa 40, je umepanga makusudi? Jaji akajibu kwamba ni sadfa ya kupendeza, ila haikusanifiwa. Mahakama nzima kicheko.

Siku nne baadaye, hukumu bado haijatoka, Dover walipiga kura za bodi. Viti vinane vilikuwa vinagombewa, wajumbe wote wanane waliokuwa wanatetea wakaanguka. Mhubiri wa televisheni Pat Robertson akawaambia wana Dover wakipatwa na janga wasimwite Mungu kwasababu wamemkataa. Yaani watu wameenda kanisani Jumapili, Jumanne wamepiga kura, Alhamisi wanaambiwa wamemkataa Mungu. Bodi mpya haikukata rufaa, ndo maana hukumu hii haikupanda Mahakama Kuu na kisheria inafunga lile eneo tu, ingawa majimbo mengine waliisoma wakarudi nyuma wenyewe. Gharama za mawakili wa wazazi zilizidi dola milioni mbili, wakakubaliana milioni moja, na dola moja moja ya fidia kwa kila mzazi, jumla 1,000,011. Aliyelipa sio Buckingham, ni wilaya ya shule, hela za madawati. Behe alileta mfano wa mtego wa panya na sisi tuna methali yake, mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Jaji mwenyewe akaishi na walinzi kwa muda kwasababu ya vitisho vya kuuawa.

Wengine mtasema kesi maarufu ni ile ya zamani ya Scopes, Tennessee, Julai 1925. Ile mi naiona ilikuwa nusu tamasha. Wafanyabiashara wa mji wa Dayton waliipanga dukani kwa muuza dawa ili mji upate jina, mwalimu kijana wa miaka 24 akajitolea kushtakiwa wakati hata hakuwa na uhakika alifundisha evolusheni ya binadamu, iliyokatazwa na sheria ya jimbo, kesi ikatangazwa kwenye redio, masokwe wakaletwa mjini, jopo likakaa dakika kama tisa likamtia hatiani, faini dola 100. Mwaka 1927 mahakama ya jimbo ikaifuta kwasababu ya kijinga, kwamba faini ya zaidi ya dola 50 ilitakiwa kupangwa na jopo siyo na jaji. Sheria yenyewe ikabaki hadi 1967. Ila kuna kitu watetezi wa sayansi hawapendi kukitaja. Kitabu alichokuwa anatumia Scopes, cha Hunter, ambacho jimbo lenyewe lilikiidhinisha, kilipanga binadamu katika jamii tano na kikasema ya juu kuliko zote ni ya wazungu. Hilo liliandikwa kama sayansi, kwenye somo la evolusheni. Kwahiyo mtu mweusi anayesita anaposikia neno Darwin msimcheke haraka, ana sababu zake. Dawa yake ni sayansi bora, na ilikuja, na sehemu yake kubwa ilichimbwa ardhini kwetu huku. Fuvu la kale la Zinjanthropus la 1959 pale Olduvai, na mifupa ya kijana wa Turkana kule Kenya iliyoonwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984.

Sisi huku mambo haya hayajafika mahakamani, na sababu siyo kwamba tuna busara zaidi. Sisi tuna kipindi cha dini kwenye ratiba. Ijumaa sheikh anaingia darasa hili, mchungaji darasa lile, kidato cha nne mtu anafanya mtihani wa Biblia au wa elimu ya dini ya Kiislamu na cheti anapewa. Kwahiyo Adamu ana chumba chake na Zinjanthropus chumba chake, hawagongani mlangoni. Kenya walikaribia kugongana, mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo wa Nairobi aliongoza kampeni mifupa ya zamani isiwekwe mbele makumbusho ya taifa, lakini ikaishia kwenye magazeti na kijana wa Turkana akawekwa. Marekani shule ya umma haina kipindi cha dini, kwahiyo mwenye hamu ya kumwingiza Mungu anatafuta dirisha la baiolojia.

Na huu mpangilio wetu una gharama yake. Kuna mwaka nafundisha kidato cha nne, binti mmoja mpole sana, baba yake mwinjilisti, akanyoosha mkono akauliza mwalimu hii tunaandika kwenye mtihani au tunaamini? Darasa likanyamaza kabisa. Mi nikamjibu andika kwenye mtihani, nikageukia ubao. Alipata A. Mpaka leo najua nilimkimbia yule mtoto, sikumdanganya lakini nilimkimbia, na wale walimu wa Dover nadhani wasingemkimbia.

Mjadala kule haujaisha pia. Mwaka 2022 Mahakama Kuu yao iliachana na kipimo cha zamani cha kupima kama serikali inaunga mkono dini, ambacho Jaji Jones alikitumia kwenye sehemu kubwa ya hukumu yake, na majimbo kadhaa yana sheria za kumlinda mwalimu anayetaka kujadili udhaifu wa nadharia za kisayansi, Louisiana tangu 2008, Tennessee tangu 2012. Maneno ya uumbaji hayamo humo. Ukizisoma, dini zinaitaja tu kusema kwamba hazikusudii kuendeleza mafundisho ya dini yoyote. Mi nikizisoma natafuta tu herufi ya mbele na mkia wa nyuma.

Mhariri, hukumu nzima niliichapisha stationari ya hapa stendi, kurasa zote 139, kijana wa pale akaniuliza mzee una kesi? Ndugu wa Tabora na dada wa Mbeya yeyote kati yenu akipita Moshi aulize mwalimu wa baiolojia pale usharikani ataelekezwa, nitampa asome akae nayo wiki. Ukurasa wa mwisho umemwagikiwa chai lakini unasomeka.

Mwalimu mstaafu,
Moshi